Bima ya afya baada ya kustaafu: jinsi ya kuchagua ukiwa Dar es Salaam

Wastaafu wengi huanza kutafuta bima kwa kuuliza bei. Bei ina nafasi yake, lakini iulizwe baadaye. Cha kuuliza kwanza ni kama kadi utakayoichukua ukiwa na miaka 60 utaruhusiwa kuendelea nayo ukifika 75. Magonjwa yanayokomba akiba ya mstaafu, yaani figo, moyo, kiharusi, saratani na tezi dume, mara nyingi hayaji mwaka ule wa kuagwa. Huja miaka kumi baadaye, wakati kampuni nyingi za bima haziandikishi tena watu wapya wa umri huo. Kadi ya kifahari inayokutema ukiwa na 70 inakuwa imekulinda katika miaka uliyokuwa na nafuu.

Maelezo haya yamemlenga mkazi wa Dar aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kazini, ingawa aliyekwisha kutoka naye atapata la kufanya. Kama bado uko kazini, una faida moja kubwa: karatasi nyingi utakazohitaji ziko mezani kwa afisa utumishi wako. Ukishaondoka, kuzipata ni mchakamchaka.

Unatoka kazini na haki gani?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu bima nzuri kuliko zote ni ile uliyokwisha kuilipia.

Mtumishi wa umma amekuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara wake kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, na mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine. Mchango huo unabeba haki ambayo watu huisahau: mwanachama aliyetimiza masharti ya muda wa kuchangia huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake baada ya kustaafu, bila kukatwa pensheni. Haki hiyo haijiendeshi yenyewe. Lazima uifuatilie, na panapokwama ni palepale kila mara.

Pa kwanza ni michango. Mwajiri anaweza kuwa alikukata na fedha zikachelewa kufika, au ulihama halmashauri na miezi kadhaa ikapotea katikati. Mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kustaafu, omba taarifa ya michango yako kutoka NHIF na uilinganishe na hati zako za mshahara. Pengo ukiliona mapema, mwajiri ndiye anayehangaika kulijaza. Ukiliona baada ya kuondoka, unahangaika wewe.

Pa pili ni majina. Kitambulisho cha Taifa kinasema Mwanaidi, hati ya mshahara inasema Mwanaid, cheti cha ndoa kina jina la ubini tu. Mfumo hauwatambui hao kama mtu mmoja. Dawa yake ni kiapo cha majina kwa wakili, pamoja na marekebisho NIDA kama kosa liko huko. Jambo hili humalizwa kabla ya kuomba kadi ya mstaafu, maana kadi ikitoka na jina lililokosewa utatibiwa leo na kukataliwa kesho kwenye hospitali nyingine.

Pa tatu ni mwenza asiye na cheti. Ndoa nyingi hazina karatasi, au karatasi iliungua, au ilifungwa kijijini miaka ya 80 na msajili wake hajulikani. Anza na kanisa au msikiti mlipofungia, kisha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Hili ni la miezi, kwa hiyo usilisubirishe.

La nne linawahusu watoto. Kadi ya mstaafu inawabeba wawili, wewe na mwenza. Watoto waliokuwa wakitibiwa kwa kadi yako ya kazi wanatoka, hata aliye kidato cha pili. Wapangie njia yao mapema: kifurushi cha watoto, bima ya wanafunzi kupitia shule au chuo, au kadi ya mzazi mwingine aliye bado kazini.

Anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, badala ya kungoja 60, aulize kwa maandishi kadi yake ya mstaafu itaanza lini, na ajue atatibiwa kwa bima gani katikati hapo. Jibu la mdomo la dirishani halina tarehe wala muhuri.

Sasa upande wa sekta binafsi. Kampuni nyingi za Dar huwakatia wafanyakazi bima ya kikundi kwa kampuni binafsi. Bima hiyo ni ya mwajiri. Unapotoka, inakwisha siku hiyo au mwisho wa mkataba wa mwaka, na haikudai chochote wala wewe huidai. Utajikuta sokoni na presha yako ukiwa na miaka 60, umri ambao wauza bima huanza kuuangalia kwa jicho la pembeni. Mambo mawili ya kufanya kabla ya kuaga: muulize mwajiri kama kampuni hiyohiyo ya bima itakubali kukuhamishia kwenye bima ya mtu binafsi bila kuanza upya vipindi vya kusubiri (muda ambao bima bado hailipii magonjwa fulani), na uombe barua inayoonyesha umekuwa na bima mfululizo tangu mwaka fulani hadi siku ya kuondoka. Barua hiyo ni karatasi moja tu, lakini mbele ya kampuni mpya ina uzito, kwa kuwa inaonyesha hukukimbilia bima baada ya kuugua.

Mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anayetumia fao la matibabu akumbuke kuwa fao hilo linafuata uchangiaji. Uliza kwa maandishi, kabla mafao ya uzee hayajaanza kulipwa, litakuwaje siku michango itakaposimama.

Mlango unaosahaulika: kadi ya mtoto

Mwanachama wa NHIF aliyeajiriwa anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na kati ya hao wazazi na wakwe wanahesabika. Kama una mtoto mwalimu, nesi, askari, au yuko kampuni inayochangia NHIF, nafasi yako huenda iko wazi kwenye kadi yake na hakuna aliyeifikiria.

Shida huja nafasi zinapojaa. Mtoto ana watoto wanne tayari, baba na mama hawana pa kukaa. Hapo iteni kikao cha familia na mpige hesabu ya pamoja: kama mkwe naye ameajiriwa na anachangia, wajukuu wagawanywe, wawili kwa baba na wawili kwa mama, na kila kadi ibaki na nafasi mbili kwa wazee. Kubadilisha wategemezi si jambo la kila mwezi, kwa hiyo orodha ipangwe vizuri mara moja.

Udhaifu wake ni huo mmoja: mtoto akiacha kazi au akiachishwa, wazee wanatoka naye. Ukitegemea mlango huu, weka akiba ya kutosha ada ya mwaka mmoja ya bima nyingine.

Andika ugonjwa wako kwenye karatasi

Kabla hujaongea na wakala yeyote, chukua karatasi. Andika kila ugonjwa ulioambiwa na daktari, mwaka ulioanza, kila dawa kwa jina lake la kitabibu na si jina la kiwandani (amlodipine, losartan, metformin, au lolote ulilonalo), kiasi unachomeza kwa siku, na bei unayolipa famasi kwa mwezi. Ongeza kliniki: mara ngapi kwa mwaka, vipimo gani. Ongeza yanayokuja yenyewe: mtoto wa jicho ulioambiwa “bado hajakomaa”, goti, meno ya bandia, miwani.

Mwenza aandike yake kando. Msichanganye, kwa sababu mnaweza kugundua kwamba bima inayokufaa wewe haimfai yeye.

Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure kwenye vituo vya umma, kwa hiyo usizihesabu kama gharama za bima.

Aina zilizopo

Kadi ya mstaafu ya NHIF, kwa aliye na haki nayo, ndiyo nguzo. Sababu ni mbili. Haikuulizi umri, na inapokelewa kote nchini. Hili la pili lina uzito kwa wakazi wa Dar, kwani wengi wakishastaafu hujenga na kurudi Moshi, Songea au Bukoba. Mtandao wa hospitali wa kampuni binafsi ni mnene Dar, ila ukivuka Chalinze unaanza kuchujuka. Ukiwa na NHIF, rufaa ya KCMC, Bugando au Mbeya inakwenda kama ya Muhimbili.

Vifurushi vya NHIF vya kujinunulia ni vya asiyekuwa na mwajiri. Vilivyozinduliwa mwishoni mwa 2019, Najali, Wekeza na Timiza, viligawa bei kwa umri: 18 hadi 35, 36 hadi 59, na 60 kuendelea. Baadaye vikaja vingine kama Serengeti Afya na Ngorongoro Afya. Funzo la kubeba hapo ni hilo la umri: siku ya kuzaliwa ya 60 inaweza kukupandisha daraja la bei. Uliza bei ya leo kwenye ofisi za Mfuko za Ilala, Kinondoni au Temeke, au piga 199, na usikubali karatasi ya bei iliyopigwa picha na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp mwaka juzi.

Juu ya yote hayo kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima na inayoweka kitita cha mafao ya msingi. CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile iliyozoeleka mikoani ilipokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, ni ya kundi hili la bima za umma za bei ya chini. Kabla ya kulipa ada ya mwaka mzima kwa kampuni binafsi, uliza kitita cha msingi kwa sasa kinagharimu kiasi gani na kinaishia ngazi ipi ya hospitali.

Bima za kampuni binafsi, kama Jubilee, Strategis na Assemble, huuza hasa urahisi: miadi ya haraka, chumba cha peke yako, daktari bingwa bila kupanda ngazi za rufaa. Kwa mstaafu zina mambo matatu ya kuuma. Zina umri wa mwisho wa kuingia, zina umri wa mwisho wa kuhuisha, na magonjwa uliyokuwa nayo kabla huwekewa kipindi cha kusubiri ambacho kwa kawaida hufika mwaka, na baada ya hapo ukomo wake mdogo (kiasi cha juu ambacho bima italipa) ndani ya ukomo mkubwa. Kundi likijiunga pamoja, iwe SACCOS au chama cha wastaafu, masharti hulegea, kwa sababu hatari inagawanywa kwa wengi. Kama ofisi yenu inatoa wastaafu ishirini mwaka huu, nendeni ishirini.

Mwisho ni msamaha wa matibabu kwa wazee. Sera ya Afya ya 2007 inawapa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo haki ya kutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Njia yake huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako unapewa barua, kisha afisa ustawi wa jamii, kisha kitambulisho na dirisha la wazee lenye bango la “Mpishe mzee apate huduma kwanza”. Kwa mstaafu mwenye pensheni ya kila mwezi, msamaha huu si wa kuutegemea: unaweza kuhesabiwa kuwa una uwezo. Na hata kwa mwenye nao, dawa isipokuwapo dirishani ataambiwa akanunue nje.

Nenda mwenyewe dirishani

Orodha ya hospitali iliyochapishwa kwenye kijitabu cha bima huzeeka haraka. Machi 1, 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi hapa Dar zilisitisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF baada ya mvutano juu ya kitita kipya cha bei. Waliokuwa na kliniki za kila mwezi huko wakajikuta wanatafuta pengine siku hiyohiyo. Na upande wa pili, kampuni binafsi inayochelewa kulipa madeni yake huondolewa hospitalini kimyakimya, bila tangazo.

Kwa hiyo chagua vituo vitatu na uvitembelee. Cha kwanza kiwe karibu na nyumbani, kwa homa na presha iliyopanda usiku. Mtu wa Chanika au Kibada asijidanganye kwamba atawahi Upanga saa kumi na moja jioni. Cha pili kiwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Mwananyamala au Temeke, au hospitali ya binafsi ya ukubwa huo. Cha tatu ni pale ugonjwa wako mkubwa unapotibiwa: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, MOI kwa mifupa na mishipa ya fahamu, Ocean Road kwa saratani, Muhimbili Upanga au Mloganzila kwa figo, CCBRT kwa macho.

Ukifika, usiulize “mnapokea bima fulani?” Jibu litakuwa ndiyo, na haitakusaidia. Uliza hivi: kifurushi hiki hasa, mnakipokea kwa wagonjwa wa nje na kwa kulazwa? Kliniki ya kisukari imo? Dawa napewa hapahapa au naandikiwa nikachukue nje? Vipimo kama CT na MRI vinahitaji kibali, na kibali huchukua muda gani? Anayejibu vizuri ni yule wa dirisha la bima, si wa mapokezi.

Soma mkataba kuanzia nyuma

Kurasa za mbele za kijitabu zimejaa mazuri. Anza na ukurasa wa yasiyolipiwa, kisha urudi kwenye jedwali la mafao. Unatafuta vitu hivi:

Umri wa mwisho wa kuhuisha. Kama umeandikwa 65 au 70, funga kijitabu, isipokuwa kama una NHIF ya mstaafu nyuma yako.

Kipindi cha kusubiri kwa magonjwa ya kawaida, kwa upasuaji wa kupangwa kama mtoto wa jicho, ngiri na tezi dume, na kwa magonjwa sugu. Mara nyingi ni vipindi vitatu tofauti, na wakala hutaja kile kifupi.

Ukomo wa ndani. Bima inaweza kutangaza milioni 20 kwa kulazwa, na ndani yake saratani ikawekewa milioni 5 na usafishaji wa figo milioni 3. Usafishaji wa figo kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Gawanya milioni 3 kwa 156: ni shilingi 19,230 kwa kila kikao. Ukimaliza hesabu hiyo huhitaji kuambiwa zaidi.

Neno “kwa familia” au “kwa mtu”. Ukomo wa familia humaanisha mwenza akilazwa Februari, wewe unabaki na masalia hadi Desemba.

Uchangiaji wako kila unapotibiwa, na kama ada inaweza kupandishwa kwa sababu uliugua mwaka uliopita.

Mfano wa hesabu

Bei hizi si za kampuni yoyote. Ni za kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka za kwako.

Tuseme mzee ana presha na kisukari. Dawa 60,000 kwa mwezi, sawa na 720,000 kwa mwaka. Kliniki mara nne kwa 30,000, jumla 120,000. Vipimo vya sukari ya miezi mitatu, figo na mafuta mara mbili kwa mwaka, 90,000 kila mara, jumla 180,000. Gharama yake ya uhakika, hata asipougua kitu kingine, ni 1,020,000.

Bima ya kwanza ni kamili: ada 1,400,000, wagonjwa wa nje ukomo milioni 1.5, lakini magonjwa sugu ukomo wa ndani 500,000 na kusubiri mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza atatoa ada na gharama zote za matibabu mfukoni: 2,420,000. Mwaka wa pili bima inabeba 500,000, anabaki na 520,000 juu ya ada: 1,920,000.

Bima ya pili ni ya kulazwa tu, ada 800,000. Dawa, kliniki na vipimo analipa mwenyewe. Kila mwaka ni 1,820,000.

Mwaka wa kwanza bima ya kulazwa inamwokolea 600,000, na mwaka wa pili 100,000 tu. Kuanzia hapo inategemea. Mtu anayekwenda hospitali mara kwa mara kwa mengine, malaria, meno, kifua, atafaidi ile kamili, kwa sababu bado ana milioni nzima ya wagonjwa wa nje ambayo haijaguswa na kisukari. Asiyekwenda ila kwa kliniki zake atakuwa anawalipia wenzake. Wakala hatakupigia hesabu hii, kwa kuwa kamisheni hufuata ukubwa wa ada.

Kwa mwenye kadi ya NHIF ya mstaafu, ushauri wetu ni mfupi: usinunue bima kamili ya pili. Bima mbili hazilipi bili moja mara mbili. Kama fedha ipo na foleni zinakuchosha, nunua ya kulazwa tu, au weka fedha hiyo kando kwa dawa zinazokosekana dirishani na kumwona daktari jioni.

Ada inatoka wapi

Pensheni huja kila mwezi, ada huja mara moja kwa mwaka. Mgongano huo ndio unaowatoa watu wengi kwenye bima mwaka wa pili, baada ya mkupuo wa mafao ya kustaafu kuishia kwenye nyumba na ada za shule. Siku mkupuo unapoingia, kabla ya tofali la kwanza, tenga ada ya miaka miwili. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa hili, kwa kuwa fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi. Mwenye hatifungani za serikali anaweza kuomba bima yake ianze mwezi mmoja baada ya riba ya nusu mwaka kuingia. Kampuni nyingi hukubali tarehe unayotaka ukiiomba mwanzoni.

Kujaza fomu na kulipa

Fomu ya afya ijaze kwa mkono wako. Wakala anayekwambia “presha usiandike, itapandisha bei” anaokoa kamisheni yake, na siku ukipata kiharusi kampuni itavuta faili lako la kliniki, ione dawa za mwaka 2015, na kukataa bili yote. Ugonjwa ulioandikwa unaweza kuwekewa kusubiri, ila ule uliofichwa huvunja mkataba. Piga picha kila ukurasa wa fomu kabla ya kuikabidhi.

Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo au akaunti ya kampuni. Kulipa kwenye simu ya wakala ni kumpa zawadi. Kampuni na wakala wote wawe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na leseni hiyo ni haki yako kuiomba uione. Bila ada kuingia hakuna bima, hata kama umeshapewa kadi ya plastiki.

Mume na mke waliopishana umri sana wakate bima mbili tofauti. Kwenye bima moja ya familia, mwenye bima akifikia ukomo wa umri au akifariki, mwenza mdogo anaweza kutoka naye na kuanza kusubiri upya.

Unapoitumia

Beba kadi na Kitambulisho cha Taifa. Uhakiki siku hizi ni wa alama za vidole au sura, na vidole vya wazee waliolima au kufua maisha yao yote mara nyingi havisomeki. Omba wakusajili vidole zaidi ya kimoja, au sura.

Kabla ya kusaini fomu ya madai, soma kilichoandikwa. Kipimo usichofanyiwa kikiwekwa jina lako kinakula ukomo wako, na kwa NHIF kinaweza kukuletea maswali. Dawa ya NHIF isipokuwapo hospitalini, usikubali kuondoka na karatasi ya kawaida tu. Omba fomu 2C, ndiyo itakayokupa dawa hiyo kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko bila kulipa.

Kadi haiazimwi, hata kwa shemeji. Ni kosa la jinai, kadi hufungwa, na kumbukumbu za ugonjwa wa mtu mwingine zinaingia kwenye faili lako: kundi la damu si lako, mzio si wako.

Ukikataliwa huduma, uliza sababu na uandike jina la kituo, tarehe, saa na jina la huduma. Kwa NHIF anza na afisa wa Mfuko aliyepo hospitalini, kisha ofisi ya mkoa. Kwa kampuni binafsi andika barua kwao kwanza na upate muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au jibu lisipokuridhisha, nakala za barua hiyo, mkataba na risiti zinakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au TIRA.

Siku 60 kabla bima haijaisha, omba ada mpya kwa maandishi na uulize kama kuna sharti lililobadilika. Lipa angalau wiki mbili kabla. Ukikatika hata kwa siku chache kampuni inaweza kukuhesabu mteja mpya, na vipindi vyote vya kusubiri ulivyokwisha kuvimaliza vikaanza tena.